Kompyuta Imeharibika: Ni Nini Kilichoharibika?

Miongoni mwa mijadala isiyokwisha baina ya walimu na wanafunzi wa vyuo ni ule wa kompyuta mpakato. Mmoja hudai kwamba Mac haiharibiki, mwingine kwamba Windows huganda kila mara, na wa tatu kwamba Linux haishindwi. Makala haya hayakusudii kutoa hukumu kati yao. Yanakusudia kuhakiki namna ulinganishi huo unavyofanywa, kwa kuwa wapo wanaoutegemea wanapotumia akiba ya familia nzima kununua kompyuta.

Tuanze na lugha, ambayo ndiyo fani yetu. Kitenzi 'haribika' kipo katika kauli ya kutendeka, na kauli hiyo haimtaji mtenda. Mtu akisema "kompyuta yangu imeharibika", hatujui kama kosa ni la chombo, la programu, au ni la kampuni iliyoacha kukihudumia chombo hicho. Walinganishi wengi huchanganya mambo haya matatu, kisha lawama yote huutupia mfumo endeshi.

Mfano wa kwanza ni wa chombo. Kuanzia mwaka 2015, Apple ilitia katika MacBook kibodi nyembamba ya aina mpya. Watumiaji walilalamika kwamba herufi zilikwama au kujirudia. Juni 2018 kampuni ilianzisha mpango wa kuzitengeneza bila malipo, na mwaka 2022 ilikubali kulipa dola milioni 50 ili kumaliza kesi ya wateja nchini Marekani. Mfumo wa macOS haukuwa na kosa katika jambo hilo.

Mfano wa pili ni kinyume chake. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilisambaza rekebisho la programu lenye kasoro. Kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 za Windows ziliathirika, nyingi zikashindwa kuwaka sawasawa. Betri, diski na kibodi zake zilikuwa nzima. Mac na Linux hazikuguswa na kosa hilo, lakini hata kwa upande wa Windows, rekebisho lile halikutoka Microsoft.

Mfano wa tatu ni wa kuachwa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10. Kompyuta nyingi zilizo nzima hazikubaliki kwa Windows 11 kwa sababu hazitimizi masharti yake ya kichakataji na ya usalama. Hizo hazikuharibika, zimeachwa. Nyingi zinaweza kuendelea kufanya kazi kwa Linux. Idara inayoziita mbovu na kuzitupa inapoteza mali kwa sababu ya neno lisilo sahihi.

Kasoro nyingine ni ya kipimo. Windows hutiwa katika kompyuta za HP, Dell, Lenovo na wengine wengi, za bei ya chini na ya juu. macOS huja katika kompyuta za Apple pekee. Kulinganisha Windows na Mac, basi, ni kulinganisha soko zima na duka moja. Linux nayo mara nyingi huwekwa na mtumiaji mwenyewe katika kompyuta iliyotengenezewa Windows. Intaneti isipopatikana, hulaumiwa Linux, ilhali huenda mtengenezaji wa kifaa hakutoa programu ya kukiendesha. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Hatusemi kwamba mifumo yote ni sawa. Tunasema ulinganishi wa haki uhusishe kompyuta za bei na umri unaokaribiana, kisha ujibu maswali matatu: Ni sehemu gani iliyoshindwa? Je, fundi wa hapa Kampala anaweza kuitengeneza? Msaada wa mfumo huo utakoma mwaka gani?

Kwa mwanafunzi anayeandika tasnifu, tahadhari moja yapita zote: hakuna mfumo unaoizuia diski isife. Weka nakala ya pili mahali pengine. Nasi walimu, tukiambiwa "imeharibika", tuulize kwanza: nini?