Cedric Hardwicke na Njia ya Kwihara

Katika vibanda vya video tulijifunza mapema kwamba steringi hafi. Tulichochelewa kukijua ni kwamba filamu mara nyingi hubebwa na mtu mwingine: yule mzee anayeingia kwa dakika chache, akazungumza kidogo, na kuanzia hapo ukaiamini hadithi nzima. Sir Cedric Hardwicke, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1893, aliishi kwa kazi hiyo. Alitunukiwa cheo cha "Sir" mwaka 1934 kwa uigizaji wa jukwaani, akaenda Hollywood, na kabla ya kufariki mwaka 1964 alikuwa amefika hadi kwenye televisheni, ikiwemo *The Twilight Zone*.

Kinachonivuta ni jinsi Afrika ilivyomwandama. Mwaka 1937 ni mwindaji Allan Quatermain katika *King Solomon's Mines*, akiwa na Paul Robeson. Mwaka 1939 ni Livingstone katika *Stanley and Livingstone*. Mwaka 1956 ni Farao Seti katika *The Ten Commandments*. Mwindaji, mmisionari, mfalme wa Misri: Afrika tatu, uso mmoja wa Kiingereza.

Kati ya hao, Livingstone ndiye anayenigusa. Hardwicke alikuwa na miaka 46 tu, akiigiza mzee wa miaka 58. Spencer Tracy, aliyeigiza Stanley, ana haraka ya mwandishi wa gazeti. Hardwicke anatulia, na utulivu wake ndio unaotuonyesha haraka ya mwenzake. Huo ndio ufundi wa mwigizaji wa pembeni: kumfanya mwingine aonekane.

Lakini filamu inamfuata Stanley hadi London, na inamtwika mapenzi na binti aliyebuniwa na Hollywood. Inaliacha nyuma lililotokea kwetu Tabora. Februari 1872 watu hao wawili wa hadithi walifika Kwihara kutoka Ujiji. Machi, Stanley akashika njia ya pwani. Livingstone akabaki kwenye tembe hadi Agosti, akiwasubiri wapagazi ambao Stanley angemtumia. Miezi mitano ya kungoja! Hakuna ugunduzi, ni mzee mgonjwa, siku zinazofanana, na watu wachache aliowazoea, wakiwemo Susi na Chuma. Nafasi kama hiyo humhitaji mwigizaji wa aina ya Hardwicke, anayeweza kukaa tu kitini ukaona muda ukipita usoni mwake. Hakuandikiwa.

Na Susi na Chuma je? Livingstone alipofariki Mei 1873, katika nchi inayoitwa leo Zambia, wao na wenzao waliukausha mwili na kuubeba kuelekea pwani. Unyanyembe walikutana na Luteni Cameron, aliyewashauri wauzike hapohapo. Walikataa. Februari 1874 wakaufikisha Bagamoyo.

Filamu imeshaonyesha kwamba mtu wa msafara anaweza kupewa uso. Katika *Mountains of the Moon* ya mwaka 1990, Mkenya Paul Onsongo aliigiza Sidi Mubarak Bombay, aliyepita Kaze, yaani Tabora, na Burton na Speke, na baadaye akasafiri na Stanley pia. Masteringi bado ni wazungu wawili, lakini Bombay wa Onsongo ana jina na akili zake mwenyewe. Ukishamwona, msafara wa 1939 unakuwa mgumu kuutazama: watu wengi mno wanatembea, wachache mno wanafikiri.

Sisi tunaosoma filamu hupenda kudai wahusika wakuu wapya, na nakubaliana na dai hilo. Ila ningependa pia tujue kugawa nafasi ndogo. Filamu ninayoisubiri inaanzia Unyanyembe, 1873. Ofisa anatoa ushauri wake kwa upole, akiwa na hakika kuwa utafuatwa. Susi na Chuma wanamsikiliza hadi mwisho, kisha wanakataa. Cameron naye atahitaji mwigizaji mzuri wa Kiingereza, wa dakika chache.