Kutoka Benaco hadi Mguu wa Iguana: Namna Salgado Alivyoijenga Picha

Mwaka 2004, katika visiwa vya Galápagos nchini Ecuador, mpiga picha Sebastião Salgado alipiga picha ya mguu wa mbele wa iguana wa baharini. Bahari haimo kwenye picha hiyo, anga halimo, na mnyama mwenyewe haonekani mzima. Kilichopo ni kiganja, vidole vyenye kucha ndefu na magamba yanayong'aa, yamepangana kutoka kwenye kucha hadi juu ya mkono. Anayeiona kwa mara ya kwanza hudhani ni glavu ya chuma ya askari wa zamani.

Miaka 10 kabla ya hapo, mpiga picha huyohuyo alikuwa Benaco, wilayani Ngara, katikati ya wakimbizi wa Rwanda. Watu huzitenga kazi hizi mbili: ile ya majonzi, hii ya uzuri wa maumbile. Mimi naona zimejengwa kwa mkono mmoja na kwa mbinu zilezile. Zinapoachana ni mahali padogo sana, na hapo ndipo penye somo.

Tuanze Ngara. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Tanzania ndani ya saa 24. Wengi wao walikusanywa Benaco, na kwa muda mfupi pakawa na kambi kubwa kuliko nyingi duniani. Salgado alifika akiwa na kamera za filamu ya nyeusi na nyeupe. Picha zake za kambi hiyo zinaonyesha watu walio karibu, mahema yaliyo mbele kidogo, kisha mahema mengine na mengine tena hadi macho yanaposhindwa.

Kina hicho kinatokana na moshi. Salgado alipenda kupiga huku ameuelekea mwanga, jambo ambalo wapiga picha wengi hufundishwa kulikwepa. Jua likiwa mbele ya lenzi, chembe za moshi na vumbi hutawanya mwanga kuelekea kwenye kamera. Aliye karibu hubaki mweusi, wa nyuma yake huwa kijivu, wa mbali hukaribia weupe. Umbali unasomeka kwa kijivu peke yake. Huko Benaco, ambako maelfu ya familia walipika kwa kuni, moshi haukukosekana.

Kuondoa rangi

Udongo wa Ngara ni mwekundu, na mtu akiupiga kwa rangi, wekundu huo ndio utakaotangulia kuonekana kabla ya uso wa mtu. Filamu ya nyeusi na nyeupe hulinyima jicho njia hiyo ya mkato. Rangi ikiondoka, linalobaki ni umbo, mstari na tofauti kati ya mwanga na kivuli.

Hilo ndilo lililofanyika Galápagos. Kwenye picha ya iguana, mwanga unaligusa gamba upande mmoja na kuliachia kivuli chembamba upande wa pili. Mtazamaji hasomi tena "mjusi juu ya jiwe". Anasoma mamia ya nukta zinazong'aa, kila moja na mahali pake, na taratibu anagundua kuwa mpangilio huo ni ngozi ya kiumbe hai.

Kuondoa kipimo

Hatua ya pili ni kukata fremu. Hakuna jani, kokoto wala mkono wa mtu wa kutupa ukubwa wa kitu. Mguu huo ungeweza kuwa wa mnyama mdogo au wa dubwana. Tena, lenzi inapokisogelea kitu, eneo linaloonekana wazi hupungua; ndiyo maana mwili wa iguana nyuma ya kiganja unayeyuka na kuwa ukungu. Picha ya maumbile hugeuka dhahania hapo: kitu ni halisi kabisa, ila kimeondolewa vyote ambavyo tungekitambua navyo upesi.

Kifaa nacho kilichangia. Kwa kazi hiyo iliyoitwa Genesis, Salgado aliacha filamu ndogo ya milimita 35 na kuanza na kamera ya Pentax 645, ambayo negativu yake ina eneo karibu mara 2.7 ya ile ndogo. Negativu kubwa hubeba maelezo zaidi, hivyo picha ikikuzwa ukutani, magamba hayageuki uji. Mwaka 2008 alihamia kamera ya kidijitali, kwa kuwa mashine za ukaguzi kwenye viwanja vya ndege zilikuwa zinaharibu filamu zake. Hata hivyo hakuchagua picha kwenye kompyuta. Alichapishiwa karatasi za picha ndogondogo, akazipitia kwa kioo cha kukuzia, na zilizochaguliwa zikatengenezewa negativu upya kwa ajili ya kuchapwa kwenye karatasi ya picha yenye chumvi za fedha.

Kumsubiri mwenye picha

Hatua ya tatu haihusu kamera. Iguana wa baharini hula mwani ndani ya maji baridi, kisha hulala juu ya miamba kuota jua hadi mwili upate moto. Anayejua hilo anajua pia saa ambayo mnyama huyo hatakimbia. Kwa kobe wakubwa wa visiwa hivyohivyo, Salgado alipiga magoti na kutambaa kwa viganja, akirudi nyuma kobe alipomkaribia, mpaka akakubaliwa. Katika hifadhi ya Kafue nchini Zambia alipanda puto ili nyati wasishtuliwe na mngurumo wa injini.

Subira hiyo ina historia yake. Baada ya kazi yake Rwanda na kwenye kambi za wakimbizi, Salgado aliugua. Daktari mjini Paris alimwambia kuwa hana ugonjwa wa kutibiwa kwa dawa, bali anapaswa kuacha anachokifanya. Alirudi kwenye shamba la wazazi wake Aimorés, Brazili, ambako msitu ulikuwa umekwisha. Yeye na mkewe, Lélia Wanick Salgado, walianzisha Instituto Terra mwaka 1998, na taasisi hiyo imepanda zaidi ya miti milioni 2. Kuona ndege na maji vikirudi ndiko kulikomrudisha kwenye kamera. Genesis ilichukua miaka 8 na kutoka kama kitabu mwaka 2013. Salgado alifariki Mei 2025, akiwa na miaka 81.

Mahali zinapoachana

Mwandishi wa Marekani Susan Sontag, katika kitabu chake cha mwaka 2003 kuhusu picha za mateso ya watu wengine, alimlaumu Salgado kwa kutowataja majina wahamaji na wakimbizi aliowapiga. Lawama hiyo naiona ya haki, na picha ya iguana inaithibitisha. Maelezo yake yanatupa jina la mnyama, jina lake la kisayansi, Amblyrhynchus cristatus, mahali na mwaka. Maelezo ya picha za Benaco yanataja kambi, nchi na mwaka, basi. Mama aliyeketi mbele ya kamera hana jina.

Kumwondolea iguana bahari yake na ukubwa wake hakumpunguzii kitu, kwa kuwa maelezo ya chini yanamrudishia. Kumwondolea mtu rangi na kumzamisha ndani ya moshi kunavumilika ikiwa jina lake litarudi kwenye maandishi. Lisiporudi, mbinu inayomtukuza mjusi humgeuza binadamu kuwa sehemu ya mandhari. Kwa hiyo kanuni ninayoitoa kwenye kazi hizi ni hii: kila unachokiondoa ndani ya fremu, kirudishe nje yake.

Kanuni hiyo inafaa hapahapa mkoani Kagera, hata kwa simu. Maporomoko ya Rusumo yana povu na mvuke baada ya mto Kagera kupokea maji ya mto Ruvubu. Kando ya barabara ya malori, vumbi hukaa juu ya majani ya mikaratusi. Vilima vya Benaco, vilivyokatwa miti kwa ajili ya kuni hadi wakimbizi waliporudi kwao Desemba 1996, vina vichaka vya kuchunguzwa kwa karibu. Toka alfajiri, iweke simu kwenye nyeusi na nyeupe kabla ya kupiga, elekea mwanga, sogea mpaka upeo wa macho upotee. Kisha andika chini ya picha: kijiji, mwezi, jina la mmea kwa Kiswahili, na kwa Kihangaza au Kishubi kama wenyeji wanalo. Na akitokea mtu ndani ya fremu, muulize jina kabla hujaondoka, umwombe ruhusa ya kuliandika. Watoto waliopigwa picha Benaco mwaka 1994 sasa ni watu wazima wenye watoto wao, na kazi nzuri kuliko zote ambayo mpiga picha wa leo angeweza kuifanya ni kuwatafuta na kuwaandikia majina yao.