Kinanda cha Sauti Moja

Wapenzi wa sinthesaiza wana ubishi wao usioisha. Minimoog orijino ya miaka ya sabini na kopi ya bei nafuu inayotoka kiwandani China, je, zinalia sawa? Watu hufungwa macho, wakasikilizishwa zote mbili, wakabahatisha, kisha wakatukanana. Nimesikiliza milinganisho hiyo hadi nikachoka. Nikiutazama ubishi huu kwa jicho la mtu wa Bute, huku Wajir Kaskazini karibu na mpaka wa Ethiopia, naona umeanzishwa na mtu ambaye tayari ana orijino sebuleni. Kwetu hakuna aliyekuwa nayo ili aje alinganishe. Ninachotaka kujua mimi ni kitu kingine: bei ikishuka hivyo, mpigaji anakuwa nani? Na wale wenzake waliokuwa wakipiga pamoja naye, wanakwenda wapi?

Kwanza tuweke mambo wazi, maana si kila mtu analala na kuamka na vinanda. Sinthesaiza ni kinanda cha umeme ambacho mpigaji hujiundia sauti mwenyewe kwa kuzungusha vifundo, badala ya kuichagua kwenye orodha. Minimoog ya kampuni ya Robert Moog ilitengenezwa Marekani kuanzia 1970 hadi 1981, na bei yake ilikaribia dola 1,500 za wakati huo. Hataza ya filta yake, ile sehemu inayoipa sauti unene, ilitolewa 1969 na muda wake uliisha zamani. Ndiyo maana kampuni ya Behringer, iliyoanzia Ujerumani na ambayo sasa ina kiwanda kikubwa Zhongshan, iliweza kutoa Model D yake kwa dola 299. Na orijino? Moog wenyewe waliirudisha sokoni mwaka 2022 kwa dola 4,999. Hebu zipige hizo kwa shilingi za Kenya uone. Halafu kumbuka kwamba hiyo ya 2022 nayo ni kopi, ila imetengenezwa na wenye jina.

Sasa tuvuke mpaka, twende Mogadishu, maana masikio ya Kaskazini Mashariki yalilelewa na redio na kaseti za huko kuliko na bendi za Nairobi. Ukisikiliza mkusanyo wa Sweet as Broken Dates uliotolewa 2017, au Volume 5 ya Dur-Dur Band, utasikia vinanda vya umeme vikiingia na kutoka kati ya gitaa, besi, ngoma na tarumbeta kama mgeni anayejua nyumba. Vijana wa leo wanaitamani sauti hiyo. Wanaisaka. Lakini jiulize ni nani aliyenunua vyombo vile. Chini ya Siad Barre muziki ulikuwa mkononi mwa serikali. Waaberi lilikuwa kundi la taifa, na Iftin ilikuwa bendi ya Wizara ya Elimu. Hata Volume 5 ya Dur-Dur ilirekodiwa 1987 ndani ya Redio Mogadishu, chombo cha serikali. Chombo cha bei ile kilihitaji wizara nyuma yake, ama hoteli kubwa yenye ukumbi wa dansi. Mpigaji aliazimwa kinanda pamoja na kazi, na akifukuzwa kazi, kinanda kinabaki. Serikali ilipoanguka Januari 1991, mtambo mzima uliowalisha wanamuziki wale ulianguka nayo.

Kwa hiyo mtu akiniambia orijino ina roho, huwa nauliza: roho ya nani? Ile sauti ya Mogadishu ilitokana na watu wengi waliolipwa mshahara wafanye mazoezi pamoja kila wiki. Kinanda kilikuwa mmoja wao tu. Na tunachokisikia leo kimepitia kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti nyingine, na redio yenye mkwaruzo. Unene tunaousifia, nusu yake ni utepe uliochoka. Kule Hargeisa kanda za redio zilifichwa ardhini kabla ya mabomu ya 1988, na leo kituo cha utamaduni cha mji huo kinahifadhi kaseti zaidi ya 10,000. Hakuna duka linalouza kifundo cha kuleta historia ya namna hiyo.

Baada ya 1991 bendi ilipungua ikawa mtu mmoja. Kila aliyekwenda harusi ya Kisomali, iwe Eastleigh, Garissa, London au Minneapolis, anamjua jamaa huyu: kinanda kimoja, maikrofoni, spika mbili. (Zipo familia nyingi zisizotaka vyombo vya muziki harusini kabisa kwa sababu ya dini, na wanawake wakicheza buraanbur wanatosheka na ngoma na makofi. Hao hawamo katika ubishi huu na wala hawajakosa kitu.) Kinanda cha jamaa yetu si sinthesaiza kwa maana niliyoieleza. Ni kile kinachokuja na midundo tayari. Unabonyeza kitufe, ngoma inaanza. Unashika nota kwa mkono wa kushoto, besi na gitaa vinafuata vyenyewe. Kuna matoleo yanayouzwa kwa ajili ya soko la Waarabu, yenye midundo ya Misri na Ghuba. Sijawahi kukutana na kimoja chenye dhaanto ndani yake, ule mdundo wa mwendo wa ngamia ambao mtoto wa kwetu anaujua kabla hajajua kusoma. Mpigaji anaikopa midundo ya Cairo, anaipunguza kasi, anaibana hadi iwe kama dhaanto. Wengine wamekuwa mabingwa wa kubana hivyo, na siwadharau hata kidogo. Lakini ukisikiliza harusi tano mfululizo utagundua ngamia wote wanatembea kwa hatua moja.

Hapo ndipo kopi ya Behringer inaponivutia, kwa sababu ambayo nadhani hata walioitengeneza hawakuifikiria. Model D, kama Minimoog, hutoa nota moja kwa wakati. Bonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, italia moja. Haina ngoma ndani, haina gitaa la kujiendesha. Ukiwa nayo peke yako harusini utaaibika. Itakubidi utafute mtu wa ngoma, mtu wa udi au gitaa, na mwimbaji ambaye hatakuwa mgeni wa kinanda chako.

Na muziki wa Kisomali, tofauti na muziki wa kanisani au rhumba, haujengwi juu ya nota nyingi zinazopandana. Unatumia nota tano, na chombo humfuata mwimbaji juu ya wimbo ule ule, kila mmoja akiupamba kwa namna yake. Kaban, yaani udi, ulifanya kazi hiyo kabla ya umeme. Aliyeuingiza kwenye muziki wa kisasa wa Kisomali ni Abdullahi Qarshe, aliyezaliwa Moshi, Tanganyika, na kuvutiwa na chombo hicho alipokuwa Aden. Kwa hiyo hata chombo tunachokiita cha asili kilivuka bahari. Sinthesaiza ya sauti moja inaweza kukaa mahali pale pale pa udi, ikamfuata mwimbaji, ikamjibu, ikanyamaza. Kinanda cha harusi, pamoja na akili yake yote, hakiwezi kumfuata mtu. Mdundo umeshawashwa, na mwimbaji ndiye anayekimbizana nao.

Kuna mtu atanipinga kwa kumtaja Hailu Mergia, na atakuwa na hoja nzito. Mwethiopia huyu, aliyekuwa wa Walias Band ya Addis Ababa, alirekodi kaseti mwaka 1985 akiwa Marekani, karibu yote peke yake: akodiani, vinanda vya umeme na mashine ya ngoma. Miaka mingi baadaye alikuwa dereva wa teksi Washington, hadi kaseti ile ilipotolewa upya 2013 na dunia ikamgundua. Ni kazi ya mtu mmoja na mashine, na ni nzuri ajabu. Sina cha kuipunguzia. Ila sikiliza akodiani inavyopanda na kushuka: huyo ni mtu aliyepiga na bendi hotelini kwa miaka mingi, na bendi ile imo mkononi mwake hata akiwa chumbani peke yake. Kijana wa Bute anayeanza leo na kinanda cha midundo hajawahi kusubiri zamu yake kwenye wimbo. Nani atamfundisha kunyamaza?

Tuje kwenye mambo ya ardhini. Minimoog ya zamani ni chombo cha analogi na nota zake huhama kadiri joto linavyobadilika. Uipeleke Bute mwezi wa Februari, uiwashe saa nane mchana chini ya turubai, halafu uendelee nayo usiku upepo ukipoa. Utakuwa unaitia sauti sawa kila wimbo. Kopi nayo ni ya analogi na inahitaji muda wa kupata joto, lakini adapta yake ni ya volti 12, volti zile zile za betri ya sola. Kwa mji ambao jenereta huamua harusi iishe saa ngapi, hilo si jambo dogo. Wanaoipinga kopi husema haitengenezeki, vipande vyake ni vidogo kama punje za mchanga, tofauti na vya zamani ambavyo fundi wa redio angeweza kuvichomelea. Kweli kwa Ulaya. Huku kwetu fundi wa redio anazeeka, lakini kila kituo kina fundi wa simu mwenye kipulizia joto na darubini, na vipande vya ukubwa huo ndivyo anavyobadilisha kutwa nzima.

Simaanishi Behringer ni watu wa kuombewa dua. Mwaka 2020 walitoa tangazo la kejeli dhidi ya mwandishi mmoja wa habari za vinanda aliyewakosoa, likachukiza watu hadi wakaliondoa. Kunakili chombo ambacho hataza yake imekwisha ni halali. Kumdhihaki anayeuliza maswali ni tabia ya mwenye nguvu. Na kuna hili linalonikera zaidi: wananakili tu vyombo ambavyo Wazungu na Wajapani waliwahi kuvitamani. Hakuna anayekaa chini na mpigaji wa Wajir akamuuliza anahitaji nini kwa dola hizo 299.

Na kama shida ni bei peke yake, mbona basi tusimalizie kwa bure? Yamaha DX7 ya mwaka 1983 ilikuwa ya dijitali, yaani sauti yake ni hesabu, na hesabu hunakilika. Kuna programu inayoitwa Dexed, haina malipo, inayosoma sauti za DX7 na kuzitoa kwenye kompyuta kwa ukaribu ambao sikio langu haliwezi kuupinga. Nimeitumia, ni safi. Lakini inakurudisha pale pale: laptopu, mtu mmoja, kichwa kimeinama kwenye skrini, na ngoma za kompyuta zinamsubiri.

Sifa ya mwisho ya Minimoog, ambayo kopi imeirithi na wanunuzi huilalamikia, ni kwamba haina kumbukumbu. Huwezi kuhifadhi sauti. Ukishaizungusha imepotea, labda uchore kwenye karatasi kila kifundo kilisimama wapi. Wapigaji wa zamani walikuwa na karatasi hizo. Mimi ningependa kuiona ya kwanza itakayochorwa Bute, pembeni imeandikwa kwa Kiborana au Kisomali ni wimbo gani, wa harusi ya nani, na nani alikuwa kwenye ngoma.