Ilimba Ndani ya Kabati la Kioo

Miaka kadhaa iliyopita niliikuta ilimba ndani ya kabati la kioo, katika makumbusho ambayo sitayataja jina. Chini yake palibandikwa kikaratasi: "Chombo cha muziki, Wagogo." Basi. Nikiwa mtu niliyekulia Dodoma, nilijisikia kama nimeonyeshwa picha ya ndugu yangu isiyo na jina.

Tangu siku hiyo, kila nikisikia watu wakisema kwamba Hukwe Zawose anastahili nyumba ya kumbukumbu kwao Doduma, hujiuliza: ndani tutaweka nini?

Kwamba anastahili, hilo halina ubishi. Alitoka kijiji hicho cha mkoa wa Dodoma, akafundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, akaizunguka dunia na zeze na ilimba yake. Mwaka 1996 santuri yake, Chibite, ilitolewa Uingereza. Alifariki Bagamoyo Desemba 2003. Sauti yake iliweza kuanza na ngurumo ya kifuani na kuishia na wembamba wa filimbi.

Wenzetu wa Ulaya huwaenzi hivyo waimbaji wao wa opera. Enrico Caruso, aliyefariki mwaka 1921, ana makumbusho huko Lastra a Signa, Italia, katika jumba lililokuwa lake. Lakini opera alizoimba Caruso zimeandikwa kwa nota, na hadi leo zinaimbwa na wengine. Muziki wa Kigogo haukukaa kwenye karatasi. Umekaa masikioni na vidoleni mwa watu. Vidole vikikoma, kabati la kioo halitausaidia.

Itazame ilimba yenyewe. Ubaoni ina matundu yanayozibwa kwa utando wa kifuko cha mayai ya buibui, na utando huo ndio unaoipa ule mvumo wake. Ukichanika, lazima mtu ajue kutafuta mwingine na kuubandika. Tena ilimba kubwa ina vyuma ambavyo mpigaji havigusi kabisa. Hulia kwa sababu jirani zao wamelia. Ile niliyoiona kabatini ilikuwa na matundu matupu. Naam, ilikuwa maiti iliyopambwa vizuri.

Kuna kosa jingine ambalo nyumba ya mtu mmoja hulifanya kwa urahisi: kuwasahau walioitikia. Kwa miaka mingi wanawake wa ukoo wa Zawose waliimba nyuma ya wanaume. Mwaka 2024 Pendo, binti wa Hukwe, na Leah, mjukuu wake, walitoa santuri yao wenyewe, Maisha. Vile vyuma visivyoguswa, kumbe, vilikuwa vikilia muda wote.

Kwa hiyo, msomaji wangu, nyumba ninayoitaka iwe ya udongo ikibidi, mradi awemo fundi wa kubadili utando, na watoto wanaoruhusiwa kukosea. Kama hawapo hao, afadhali fedha zinunuliwe mazeze na kugawiwa shuleni.

Nasema haya bila kujivuna. Zeze la marehemu babu yangu limetundikwa ukutani sebuleni kwangu, nyuzi zimelegea. Wageni hulisifu, nami hupokea sifa hizo. Sijawahi kuomba mtu anifundishe kulikaza.