Ushungi na Shurutisho katika Persepolis ya Marjane Satrapi

Ni rahisi kuisoma Persepolis, tawasifu ya katuni iliyotolewa Ufaransa katika juzuu nne kati ya 2000 na 2003, kama hati ya mashtaka dhidi ya ushungi. Makala haya yanashikilia kwamba usomaji wa aina hiyo unaidhulumu kazi yenyewe. Anachokisuta Satrapi si kitambaa, bali ni dola inayojitwalia haki ya kuamua kitambaa hicho kivaliwe au kivuliwe.

Historia ya Irani inaithibitisha tofauti hii. Mnamo 1936 Reza Shah alipiga marufuku ushungi hadharani, na polisi wakawavua wanawake kwa nguvu. Wapo waliojifungia majumbani kuliko kutoka vichwa wazi. Katika harakati za 1978 na 1979, baadhi ya wanawake wasiokuwa na mazoea ya chadori, vazi linalokaribiana na buibui, walilivaa kwa hiari ili kumpinga mwanawe, Mohammad Reza Shah. Machi 1979, maelfu waliandamana jijini Tehran kupinga agizo la Khomeini kwamba wanawake wafunike vichwa kazini. Mwaka 1983 sheria iliweka adhabu ya viboko 74 kwa asiyejifunika. Vazi lile lile, basi, limekuwa alama ya utiifu, ya uasi na ya adhabu.

Fani ya Satrapi inaufuata mkondo huo huo. Katika sura ya kwanza, mwaka 1980, wasichana wa shule wanapewa shungi bila kuelewa sababu, nao wanazigeuza kamba za kurukia na hatamu za farasi wa mchezo. Ushungi hauna maana yoyote hadi mamlaka iutie maana. Michoro ni ya rangi nyeusi na nyeupe tu: weusi unaumeza mwili, ilhali macho, midomo na nywele chache zilizochomoza zinamtofautisha kila mmoja. Baadaye, katika chuo cha sanaa, wanafunzi wanatakiwa kujifunza kuchora umbo la mwili kwa kumtazama mwanamke aliyefunikwa gubigubi. Kejeli hii inakata kuliko hotuba yoyote, kwani amri inaonekana ikijipinga yenyewe.

Hata hivyo, kazi hii ina upofu wa kitabaka. Marji ni mtoto wa familia ya wasomi yenye nafasi. Mwanamke wa chadori aghalabu anasawiriwa kama mlinzi wa mapinduzi au jirani aliyegeuka kinafiki. Ni nadra apewe sauti ya ndani. Binti wa familia yenye kushika dini, ambaye baada ya 1979 wazazi wake walikubali aende chuo kikuu kwa kuwa vazi lake lilihifadhiwa, hana nafasi kurasani. Ilhali kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanawake walikuwa zaidi ya nusu ya waliojiunga na vyuo vikuu vya Irani.

Uzito wa pengo hilo ulidhihirika mwaka 2022. Baada ya kifo cha Mahsa Amini, aliyekuwa amekamatwa na polisi wa maadili, wanawake walizichoma shungi zao barabarani. Huko Zahedan, wengine waliandamana kuwaunga mkono wakiwa ndani ya chadori. Wanawake hao wa Zahedan wanaithibitisha hoja kuu ya Persepolis kuliko mhusika wake yeyote. Lakini katika Persepolis yenyewe, wangechorwa kwa mbali.