Sifa za Mtunga Nyavu

Wengi wetu tumekua na itikadi kwamba kizito huzama na chepesi huelea, na kwa kuwa macho aghalabu huisadiki itikadi hiyo, hatukuona haja ya kuihoji. Lakini atakayepita katika miamba ya Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha, akaokota mawe mawili yaliyolala jirani, moja jeusi, laini, lenye ukingo mkali wa kukata kidole, na la pili la kijivu, lililojaa vitundu visivyo na idadi, kisha akashuka nayo mpaka ufuo wa Kamere na kuyatia majini, ataiona itikadi hiyo ikibatilika mbele yake. Kwani kijipande cha lile jeusi, hata kisipozidi ukucha, kitakwenda chini papo hapo, ilhali bonge la lile la kijivu, la kujaza viganja viwili, litakaa juu ya maji na kuchukuliwa na upepo. La ajabu ni kwamba asili yao ni moja. Yote mawili ni kioo kilichotoka tumboni mwa volkano, ila lile jeusi lilipoa gesi zikiwa zimekwisha kulitoka, na lile la kijivu liliganda likingali povu. Ukilitwanga hilo la kijivu mpaka likawa unga, unga wake nao utazama.

Basi kinachoamua si uzito peke yake, bali uzito ukipimwa kwa nafasi ambayo kitu kimeitwaa. Archimedes, mwenyeji wa Siracusa, alilithibitisha jambo hili zaidi ya miaka 200 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, aliposema kwamba kila kilichomo majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kiliyoyaondosha. Na al-Khazini, mwanachuoni wa Merv, akaitungia elimu hiyo kitabu kizima mwaka 1121, akakiita Mizani ya Hekima, ambamo alieleza jinsi ya kuipambanua dhahabu safi na iliyoghushiwa kwa kuipima ikiwa imening'inizwa majini. Lita moja ya maji ina kilo moja, na lita moja ya lile jiwe jeusi ina karibu kilo 2.4. Kwa kanuni hiyo gogo la mpingo huzama, na kiboko wa Naivasha huitembea sakafu ya ziwa kwa miguu badala ya kuogelea. Na kwa kanuni iyo hiyo ndege za majini za Imperial Airways, ambazo mwaka 1937 zilianza kutua katika ziwa hilo, zilikaa juu ya maji na tani zake zote, maadamu matumbo yake ya aluminiamu yalijaa hewa.

Nimeyataja haya ili nimfikie mtu niliyemkusudia, naye ni mtunga nyavu wa Kamere na Karagita, ambaye kanuni hiyo ameipokea kwa mikono tangu ujana wake na kila uchao anaitumikisha, wala sijasikia akitajwa pale wanapotajwa wenye elimu.

Wavu wa kutega una kamba mbili, ya juu iliyofungwa maboya na ya chini iliyofungwa chubwi, na baina yake ni nyuzi za nailoni, ambazo zenyewe zinayazidi maji uzito kidogo tu, hivyo zikiachwa bila msaada huteremka polepole na kujikunyata chini. Kazi ya fundi ni kuufanya wavu huo usimame wima gizani, mahali ambapo hatauona. Chubwi zikishinda kupita kiasi, maboya huvutwa chini na wavu ukalala matopeni. Maboya yakishinda, wavu hupanda, ukachukuliwa na mawimbi au ukakokotwa na visiwa vya mafunjo vinavyotangatanga ziwani. Kwa wavu wa kutega chini, hapana budi chubwi zishinde, lakini zishinde kwa kiasi kidogo mno, kwani samaki anayewindwa ana kibofu cha hewa kinachomweka katikati ya maji bila kuzama wala kuelea, na wavu uliolala haumpati.

Mtazame fundi huyo anapochagua chubwi. Jiwe la kilo moja, likiwa la jinsi ya lile jeusi la Olkaria, likitiwa majini huvuta kwa takriban gramu 580 tu, kwa sababu maji yamelibeba sehemu iliyobaki. Ilhali risasi ya kilo moja huvuta kwa zaidi ya gramu 900. Ndiyo sababu huitaka risasi anapoipata, na anapoikosa huongeza mawe, wala haongezi jiwe kwa jiwe, bali hukadiria jinsi litakavyovuta likiwa limelowa. Kisha huja maboya, ambayo mara nyingi ni vipande vya ndara kuukuu: kila kipande hukiminya kwa kidole gumba, na kinachobonyea upesi hukitupa, kwani kilicho laini kikishuka mita chache hubanwa na maji, kikapungua ukubwa, na nguvu yake ya kuelea ikapungua pamoja nao. Mwisho hufunga sehemu fupi ya wavu, huitumbukiza katika pipa la maji, akainama na kuitazama inavyoteremka. Ikishuka kwa kishindo hupunguza, ikisita hapo juu huongeza. Na hata kamba ina hesabu yake, kwani nyavu za mita 100 zikinyooshwa, aghalabu huzikusanya juu ya kamba ya mita 50, ili macho yake yafunguke vizuri na wavu uwe na ulegevu wa kumzonga samaki.

Pwani nahodha wa jahazi hutia farumi ya mawe katika ngama ili chombo kisipinduke, na watu humsifu kwa busara hiyo. Olkaria nayo ina fahari yake, nayo ni fahari ya haki: maji yaliyopata moto chini ya ardhi huwa mepesi kuliko yaliyo baridi, hupanda kupitia nyufa za miamba, na tangu mwaka 1981, mtambo wa kwanza ulipoanza kutoa megawati 15, mvuke wake umekuwa ukiwasha taa za Kenya. Mhandisi wa mvuke na mtunga nyavu wanaitumikia kanuni moja. Mmoja ana cheti, na mwenziwe hulipwa ujira wa kibarua.

Kwa hiyo nawasihi walimu wa Naivasha na Gilgil, somo la kuelea na kuzama likifika, msiliishie ubaoni. Wachukueni wanafunzi wenu hadi Kamere na mawe mawili ya Olkaria mkononi, waketisheni mbele ya mtunga nyavu na pipa lake, mwacheni afundishe, na akimaliza mlipeni kama anavyolipwa mwalimu.