Misa ya Kiluba ya Kamina: Dhima ya Sanaa ya Jumuiya katika Kuunganisha Watu

Wahakiki wengi wa sanaa za maonyesho hudai kwamba sanaa ya jumuiya huunganisha watu. Dai hili hukubaliwa upesi mno, kana kwamba kuimba pamoja na kuishi pamoja ni jambo moja. Missa Luba, yaani Misa ya Kiluba, iliyozaliwa Kamina wakati wa ukoloni wa Kibelgiji, ni kazi inayofaa kulipima dai hilo.

Kamina, ambayo tangu 2015 ni makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami, ni mji wa njia panda ya reli. Treni iliwakutanisha Waluba wa Katanga, Waluba wa Kasai na watu wa makabila mengine, na Kiswahili kikawa lugha yao ya kazini na sokoni. Mwaka 1953 Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, alishika uongozi wa shule kuu ya mji huo. Aliunda kwaya ya wavulana wapatao 45, wenye umri wa miaka 9 hadi 14, pamoja na kikundi cha walimu wapatao 15 wapigao ngoma. Misa yao iliadhimishwa katika misioni ya Mtakatifu Bavo tarehe 23 Machi 1958. Mwaka huohuo kwaya ilizuru Ulaya na kuimba katika Maonyesho ya Dunia ya Brussels.

Kwa upande wa fani, maneno ni yale ya ibada ya Kilatini, lakini muziki haukuandikwa kwanza. Waimbaji waliubuni kwa pamoja, papo kwa papo, juu ya misingi ya nyimbo za jadi. Kyrie inafuata kasala, utungo wa Waluba wa sifa na maombolezo. Sanctus imejengwa juu ya wimbo wa kuagana. Hosanna inabeba mdundo wa ngoma ya Kasai. Agnus Dei inatokana na wimbo wa Bena Lulua. Kiongozi anatoa, kundi linapokea. Sauti ya mwalimu haisimami bila sauti za watoto. Kwa hiyo umoja wa kazi hii haukuhitaji kutangazwa kwa hotuba, kwani umo ndani ya fani yenyewe.

Hata hivyo, ushirikishwaji huo ulikuwa na mipaka. Kwanza, wasichana na wanawake hawakuwa na nafasi. Pili, kikundi kiliitwa Les Troubadours du Roi Baudouin kwa heshima ya mfalme wa Ubelgiji, na hadi leo jina linalotajwa zaidi pamoja na kazi hii ni la padri, ilhali wabunifu walio wengi hutajwa kwa jumla tu kama kwaya. Tatu, Kiswahili kilichowakutanisha wakazi wa mji hakikupewa hata neno moja. Hapa kuna tofauti kubwa na kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, lililoigiza kwa Kiswahili cha Katanga. Mwaka 1986 kundi hilo lilitunga igizo juu ya msemo kwamba madaraka huliwa mazima, na waigizaji wenyewe walijadiliana maana yake. Hadhira yao ilielewa kila neno, ikacheka, ikajitambua.

Historia nayo iliujaribu umoja wa Misa hiyo. Mnamo Oktoba 1959 mapigano yalizuka Luluabourg, mji uitwao sasa Kananga, baina ya Waluba na Bena Lulua, watu wale ambao nyimbo zao zilikuwa zimekaa pamoja katika Misa moja. Mnamo 1992 na 1993 umati wa watu wenye asili ya Kasai ulifukuzwa Katanga, iliyoitwa wakati huo Shaba. Wengi wao walirudi kwa reli ileile ipitayo Kamina. Wakati huo Sanctus ilikwisha kuvuka bahari na kusikika katika filamu ya Kiingereza, If...., ya 1968.

Je, sanaa ilishindwa? Kusema hivyo ni kuitwika mzigo wa wanasiasa, kwani chuki ile ilichochewa na ushindani wa vyeo, ardhi na kazi. Lakini pia haifai kuisifu kupita kiasi. Wahenga walisema ngoma ya watoto haikeshi. Hii ya Kamina imekesha zaidi ya miaka 60, nayo ni ushahidi kwamba Mkasai na Mkatanga waliwahi kupokezana wimbo. Ushahidi huo hautoshi kuzuia panga, ila unawanyima wachochezi hoja ya kwamba watu hao hawakuwahi kuwa na jambo la pamoja.

Basi kipimo cha tamasha lolote la jumuiya kisiwe wingi wa watazamaji wala umbali wa safari zake. Kiwe ni maswali matatu: nani anabuni, nani anatajwa, na nani anaelewa kinachoimbwa. Kwa swali la kwanza, Misa ya Kiluba inajibu vema. Kwa mengine mawili, bado ina deni kwa Kamina.